Nilimwondoa zamu ya usiku kwa kumhurumia. Nimekosa wapi?

Barua za mwezi huu nyingi zimetoka kwa wenye vyeo: mameneja, wasimamizi wa zamu, maafisa utumishi. Wametakiwa kuhudhuria au kuandaa mafunzo ya usawa kazini, na baadhi yao wameudhika. Nimechagua tano. Kwenye ya kwanza nitakaa sana, kwa sababu aliyeiandika ni mtu mwema, na katika miaka yangu 26 ya utumishi viwandani, makosa ya watu wema ndiyo yaliyonipa kazi ngumu kuliko ya wakorofi.

Shikamoo Mama. Mimi ni meneja wa uzalishaji kwenye kiwanda cha kushona nguo, Morogoro. Nina watu 140 chini yangu, wengi akina mama. Nimeletewa barua kwamba mimi na wasimamizi wangu sita twende siku mbili kwenye mafunzo ya usawa, nikajisikia kama nimeitwa mbaguzi. Mimi kazini sina kabila wala dini, na wanawake nimewapandisha vyeo mwenyewe. Chanzo ni fundi mmoja. Ujauzito wake ulipofika miezi minne nilimtoa zamu ya usiku nikamweka mchana. Mke wangu aliharibikiwa mimba akiwa anaingia usiku kazini kwake, kwa hiyo nilijua ninachofanya. Nafasi ya kiongozi wa laini ya ushonaji ilipotoka nikampa kijana mwingine, ili huyu dada apumzike, alee. Sasa amelalamika kwamba nimembagua. Mama, huruma nayo ni ubaguzi?
*Meneja, Morogoro*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na mkeo. Nimeisoma barua yako mara tatu, na nia yako naiamini.

Sasa tufungue daftari. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 imelisema suala la usiku wazi kabisa. Mjamzito haruhusiwi kufanya kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Kabla ya hapo anaondolewa usiku akileta cheti cha daktari kinachosema hawezi. Fundi wako alikuwa na miezi minne, na cheti hukukitaja. Kwa hesabu ya kawaida alikuwa bado na kama miezi mitatu ya kuingia usiku kihalali, kama afya yake inamruhusu na mwenyewe anataka.

Pengine alitaka. Sheria hiyo hiyo inahesabu usiku kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, na kila saa ya usiku inaongezewa isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mama anayejiandaa kununua nguo za mtoto na beseni la kuogea anaihesabu hiyo hela kwa vidole. Ulipomhamishia mchana uliikata, na katika barua yako yote hakuna mahali uliposema kwamba ulimwita ukamuuliza.

Ungemwita ukamwambia, "Naona hali yako, na mimi kwangu yalishatokea haya, wewe unasemaje kuhusu usiku?" ingekuwa huruma. Ulichofanya ni kumwamulia. Tena kama ni kazi yenyewe inayomhatarisha yeye au mtoto, tuseme kuna kemikali za kutoa madoa au mizigo ya kubeba, sheria inakutaka umtafutie kazi nyingine inayofaa, pale inapowezekana, kwa masharti yasiyo duni kuliko aliyokuwa nayo. Kumlinda hakumpunguzii kipato.

Hilo la usiku naliona dogo. Linalonisikitisha ni cheo. Umeandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba hukumpa nafasi "ili apumzike, alee". Hukusema kijana yule ni hodari kuliko yeye, wala kwamba dada huyu mahudhurio yake mabaya au mishono yake inarudishwa. Kifungu cha 7 cha sheria hiyo kimetaja sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kumbagua mtu kwazo, na ndani yake mna ujauzito, hali ya ndoa na majukumu ya familia, pamoja na kabila, dini, jinsi, umri, ulemavu na nyinginezo. Kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na ule wa kuzunguka. Na mfanyakazi akishaonyesha picha ya awali kwamba amebaguliwa, kuthibitisha kinyume chake ni juu ya mwajiri. Nenda na barua hii mbele ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, inayoamua migogoro ya kazi, uone utathibitisha nini.

Ningekuwa afisa utumishi wako, leo hii ningekushauri hivi. Mwite huyo dada, awepo mtu wa utumishi, na awe na mwakilishi wake wa chama cha wafanyakazi akitaka. Mwambie ulikosea kumwamulia. Usimwombe afute malalamiko. Hilo lisikutoke kabisa mdomoni. Hesabuni saa za usiku alizokosa, alipwe. Kuhusu cheo, yule kijana hana kosa, asivuliwe kama mwizi. Lakini watu wa utumishi waupitie upya uteuzi ule: wote wawili wapimwe kwa vigezo vilivyoandikwa, vile vile kwa wote, na kampuni iwe tayari kwa jibu lolote litakalotoka, hata kama ni viongozi wawili kwenye laini mbili. Likizo yake ya uzazi ya siku 84 yenye malipo isiingie kwenye vigezo. Akirudi ana haki ya kutoka kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku, na hilo nalo lisiwe sababu ya kumnyima cheo kesho.

Akiamua kwenda Tume, aende. Ukimkunjia uso laini nzima itaona, na utakuwa umeanzisha kesi ya pili.

Nirudi kwenye mafunzo, maana ndiyo yaliyokuuma. Mwaka 1999 nilikuwa nasaili karani wa stoo. Walikuja sita. Mmoja alikuwa kijana wa Lushoto, kwetu, akanisalimia kwa Kisambaa, tukacheka. Kwenye kipengele cha kujieleza nikampa 9 kati ya 10. Alikuwepo pia dada wa Mtwara, aliyejibu kwa kifupi na kwa sauti ya chini, kila jibu sahihi. Nikampa 5. Miaka kadhaa baadaye tulihama ofisi, nikayapanga mafaili ya usaili sakafuni. Kipengele kile kile cha kujieleza, mwaka baada ya mwaka, watu wa milimani kwetu walikuwa na 8 na 9. Wengine wote 5 na 6. Mwandiko ni wangu. Sikuwahi kumchukia mtu wa Mtwara hata siku moja. Nilikaa pale sakafuni mpaka mlinzi akaja kufunga, nikimfikiria yule dada ambaye sikuwahi kumwona tena.

Nenda kwenye mafunzo hayo, mwanangu. Wala usikae nyuma.

Mama shikamoo. Ni afisa utumishi kwenye kiwanda cha minofu ya samaki, Mwanza. Mkurugenzi amekubali siku moja ya mafunzo ya usawa kwa mameneja na wasimamizi 30. Amependekeza hoteli, mtoa mada mmoja, vyeti na fulana. Naogopa tutakula chakula kizuri, turudi kama tulivyokwenda. Ungekuwa wewe ungefanyaje?
*Binti wa utumishi, Mwanza*

Marahaba binti yangu. Mwambie mkurugenzi kwa heshima kwamba hoteli haina madaftari. Fanyia kiwandani, hata kama ni kwenye bwalo la chakula.

Wiki moja kabla, kila msimamizi mwambie aje na vitu vitatu: ratiba za zamu za miezi mitatu iliyopita, orodha ya waliopewa ovataimu, na majina ya waliopelekwa kozi au kupandishwa katika miaka miwili. Asubuhi wagawie penseli za rangi. Watie alama kwenye majina ya wanawake, ya wenye ulemavu waliojitambulisha hivyo wenyewe, ya waliovuka miaka 45. Kabila na dini usiwatake waandike, kiwanda chenu hakina haja ya kuanza daftari la namna hiyo. Na afya ya mtu isiguswe kabisa: siri ya mwenye virusi vya UKIMWI inalindwa na sheria ya mwaka 2008, na meneja anayebahatisha nani ana nini anaichezea siri hiyo hapo hapo mezani. Halafu nyamaza. Waache waangalie karatasi zao.

Nimelifanya zoezi hili mara nyingi, na kuna siku moja ambayo sitaisahau. Wasimamizi wa kiwanda kimoja walikuta ovataimu za Jumamosi zinakwenda kwa wanaume wale wale wanane. Wakaapa kwamba hakuna mwanamke aliyekatazwa, na kweli hakuna aliyekatazwa. Ila majina yalikuwa yanapangwa Ijumaa jioni kwa mama wa chai nje ya geti, wanaume wakiwa wamekaa wanasubiri gari. Wanawake saa hiyo wameshaondoka, wanawahi watoto na jiko. Huo ndio ubaguzi wa kuzunguka: sheria ya kiwanda haina neno baya hata moja, lakini mlango uko upande wa watu fulani tu. Dawa yake haikuhitaji mtaalamu. Orodha ilianza kubandikwa ubaoni Jumatano saa 6 mchana, kila anayetaka anaandika jina lake, na wanaopata wanapokezana. Msimamizi aliyeguswa zaidi siku ile alikuwa mzee mmoja mwenye mabinti wanne. Aliomba kwenda nje kidogo, akarudi baada ya robo saa, na yeye ndiye aliyeubeba ule ubao kwenda kuutundika.

Mchana fanyeni usaili wa kuigiza. Mameneja wawili wasaili, mmoja asailiwe, wengine waandike kila swali linaloulizwa. Nakuhakikishia "Umeolewa?" na "Una mtoto mdogo?" yatatoka kabla ya dakika kumi. Waeleze kwamba kwenye kifungu cha 7 mwombaji wa kazi naye analindwa kama mfanyakazi, na kwamba tangazo la nafasi, vigezo vya kuchagua, mafunzo, upandishwaji na hata adhabu vyote vimo. Kisha watunge swali la halali. Kwa mfano, "Kazi hii ina zamu ya usiku wiki moja katika kila tatu, utaimudu?" Liulizwe kwa wote, wanaume kwa wanawake, kwa maneno yale yale.

Kuna jambo moja nakuomba usiliruke, nalo ni utani. Sisi ni watu wa utani, Mpare na Mchaga, Mnyamwezi na Mzaramo, mpaka msibani tunataniana, na ni urithi mzuri unaotuunganisha. Ndiyo maana meneja akimwita kibarua jina la kudhalilisha kabila lake, jibu lake huwa tayari: ni utani tu. Lakini watani wana haki sawa ya kurudishiana. Mtu anayesubiri mkataba wake usainiwe upya mwisho wa mwezi, atamrudishia nini bosi wake? Atacheka. Cheko la namna hiyo nimelisikia miaka mingi, linatokea mdomoni na macho hayamo. Sheria inahesabu unyanyasaji wa misingi hii kuwa ubaguzi. Wafundishe kuyaangalia macho.

Na meneja anayetaka mwili wa mtu ili ampe zamu nzuri au mkataba, hilo lisiwekwe kwenye mada ya adabu. Ni rushwa ya ngono, kosa la jinai chini ya Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007. Liseme hivyo hivyo, mkurugenzi akiwa amekaa mstari wa mbele, na siku hiyo hiyo litangazwe jina la mtu wa kupokea malalamiko, asiwe bosi wa mlalamikaji.

Hela za fulana mlipe mkalimani wa lugha ya alama, kama mna mfanyakazi kiziwi na mnataka aje aseme yake. Vyeti subirisha. Baada ya miezi mitatu warudi na madaftari mapya, yawekwe kando ya yale ya zamani. Ukiona rangi zimesambaa, toa vyeti. Kisha mkumbushe mkurugenzi kwamba sheria inamtaka aandikishe kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kukuza fursa sawa. Matokeo ya siku hiyo ni mwanzo mzuri wa kuuandika.

Mama, kampuni yetu ya kusafirisha mizigo iko Dar es Salaam, ina wafanyakazi 200. Tumeambiwa asilimia 3 wawe watu wenye ulemavu. Tunao wawili. Bosi anasema kazi zetu ni za nguvu. Ana hoja?
*Msaidizi wa utawala*

Nusu ya hoja. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya 2010 inamhusu mwajiri mwenye watu 20 au zaidi, na asilimia 3 ya 200 ni watu sita. Ni kweli sheria ya ajira inaruhusu kuangalia mahitaji ya lazima ya kazi yenyewe, na kupakia magunia kunataka mgongo. Lakini watu wote 200 hawapakii magunia. Kuna wanaoandaa hati za mizigo, wanaopokea simu, wanaohesabu stoo, wanaofuatilia magari kwenye kompyuta. Aichukue orodha ya kazi moja moja aeleze, kwa kila moja, ni kitu gani hasa kinachomzuia mtu.

Kabla ya kutafuta wanne wa nyongeza, waulizeni wawili mlio nao. Niliwahi kufanya kazi na karani anayetumia kiti cha magurudumu. Tulimpenda, tulimsifu, picha yake ilikuwa kwenye kalenda ya kampuni. Mwaka wa pili ndipo nilipogundua kwamba hanywi maji tangu alfajiri mpaka anarudi kwake, kwa sababu choo chetu kilikuwa na ngazi tatu. Hakuwahi kusema, na sisi hatukuwahi kuuliza. Fundi alimwaga mteremko wa zege kwa siku moja. Mpaka leo nikimwaga maji kwenye glasi namkumbuka.

(Wasomaji wa Unguja na Pemba: sheria ya ajira ninayoitaja hapa ni ya Tanzania Bara. Nyinyi mna Sheria ya Ajira Na. 11 ya 2005, kaanzieni hapo.)

Shikamoo Mama. Nafanya kazi katika taasisi ya umma hapa Mombasa. Vikao huanza kwa Kiswahili, lakini mambo yakinoga wakubwa wanahamia lugha yao ya mama. Sisi wengine hutazama meza. Nikilalamika nitaambiwa nina ukabila.
*Mwandishi wa kumbukumbu za vikao*

Marahaba mwanangu. Kalamu iko mkononi mwako, itumie. Wakihamia lugha yao, andika kwenye kumbukumbu: "Sehemu hii ya mjadala haikueleweka kwa wajumbe wote, uamuzi haukunakiliwa." Usiongeze kivumishi. Kumbukumbu husomwa kikao kinachofuata na kuthibitishwa, na hapo mwenyekiti itambidi aeleze au arudie kwa Kiswahili.

Nawe ujue kwamba hulalamikii kitu kidogo. Ibara ya 27 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inakataza ubaguzi wa kabila na wa lugha, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Waliotunga sheria hiyo mwaka 2008 walikuwa wametoka kuona damu ikimwagika baada ya uchaguzi. Lugha ya mama ni tamu nami naipenda yangu, lakini ukiitumia kuamua jambo la mwenzako naye amekaa hapo, umemtoa nje bila kumfungulia mlango.

Mama, mimi ni msimamizi wa duka la jumla, Arusha, watu 11. Kijana mmoja ni Msabato, hataki Jumamosi, siku yetu ya mauzo makubwa. Nimempa barua ya onyo. Wiki hiyo hiyo wawili wakaomba muda wa swala ya Ijumaa. Nikimpa mmoja, si wote watataka?
*Msimamizi, Arusha*

Basi waulize wote, watu 11 wanaenea kwenye karatasi moja. Kila mmoja aandike saa au siku ambayo kwake ni nzito, iwe ya ibada, kliniki ya mtoto, au mama mgonjwa nyumbani. Swala ya Ijumaa inachukua muda wa kama saa moja hivi, mchana. Wabadilishane muda wa chakula na wenzao. Jumamosi ni ngumu zaidi, sikatai, lakini Jumapili duka lako liko wazi, na wanaokwenda kanisani siku hiyo watafurahi akiwepo wa kuwashikia. Mpe yeye Jumapili zote na ule usiku wa kuhesabu mali ambao kila mtu anaukwepa, kama mwenyewe ataafiki. Ukijaribu mwezi mzima ikashindikana kabisa, andika ulichojaribu na kwa nini kimeshindikana, ili hata ukiulizwa kesho uwe na la kuonyesha zaidi ya hofu kwamba wote watataka.

Ile barua ya onyo itoe kwenye faili lake, umweleze mwenyewe kwamba umeitoa. Fanya hivyo Ijumaa hii, jua halijazama.